Ubishi Ndio Ulioitunza Sailor Moon

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wasomaji wa manga na wanafunzi wa tafsiri. Nimeisafisha kidogo tu ili isomeke; vicheko nimeviacha ukumbini.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliokubali kukaa jioni nzima na vijana wanaozungumzia katuni, kaka na dada zangu, habari za jioni.

Mwaliko ulisema nizungumzie mapenzi ya mashabiki. Nashukuru, ila mapenzi peke yake hayana maelezo mengi. Mtu anapenda, basi. Nimeona niseme juu ya kile ambacho mashabiki huchekwa kwacho, yaani ubishi wao. Nina hakika kwamba Sailor Moon, manga yenyewe (yaani hadithi ya Kijapani ya michoro) na yote yaliyozaliwa nayo, imetunzwa, imetafsiriwa na kufafanuliwa na watu wasiolipwa senti kwa sababu watu hao walikuwa hawaelewani, na kila mmoja alitaka kumfunga mwenzake mdomo kwa ushahidi.

Kwa mlioletwa na marafiki, nitaeleza haraka. Naoko Takeuchi, mwanamke aliyesomea ufamasia, alianza kuchapisha Sailor Moon katika Nakayoshi, jarida la wasichana la kampuni ya Kodansha, mwishoni mwa mwaka 1991. Usagi Tsukino ana miaka 14, mvivu wa shule, machozi yako karibu. Anakutana na paka mweusi anayeongea na kuambiwa kwamba ana dunia ya kuilinda. Wanaungana naye Ami, Rei, Makoto na Minako. Machi 1992 kampuni ya Toei ikaanza kurusha katuni yake kwenye televisheni, ikaenda hadi Februari 1997, vipindi 200. Mwaka 1993 ikapanda jukwaani kama tamthilia ya nyimbo. Oktoba 2003 ikaja tamthilia ya televisheni yenye waigizaji wa damu na nyama, vipindi 49 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2014 ikaanza Sailor Moon Crystal, katuni iliyorudia hadithi toka mwanzo na kuifuata manga kwa karibu zaidi. Kwa hiyo kuna Usagi wa karatasini, wa katuni ya kwanza, wa jukwaani, wa tamthilia na wa Crystal, na hawalingani hata kidogo.

Mchukueni Rei. Katika katuni ya kwanza Rei ni moto: ana kelele, anapenda wavulana, na haipiti siku bila kurushiana maneno na Usagi. Fungua manga, unakuta mtu mwingine. Ni mtulivu, hajisogezi kwa watu, anasoma shule ya wasichana ya Kikatoliki huku akitumikia hekalu la Kishinto la babu yake, na wanaume hawamshughulishi. Chanzo chake Takeuchi alikieleza katika hadithi fupi ya pembeni, Casablanca Memory: baba mwanasiasa aliyemwachia babu kazi ya kulea, na katibu wa baba huyo ambaye binti alimpenda akaishia kuumia. Aliyetazama katuni peke yake hawezi kuyajua haya. Basi mmoja anasema Rei ni mgomvi tu. Mwingine anamjibu, hujamjua Rei. Anaambiwa, leta ushahidi. Na ushahidi wenyewe uko kwa Kijapani.

Hapo kazi ikaanza. Miaka ya tisini intaneti ilipita kwenye waya wa simu, na picha moja ilichukua muda wa kupika chai na kuinywa. Mashabiki waliojua Kijapani wakatafsiri manga kwa maandishi matupu, bila picha hata moja: ukurasa fulani, kisanduku fulani, nani anasema nini, mlio gani umeandikwa pembeni. Wewe uliagiza kitabu cha Kijapani, ukachapa ile tafsiri kwenye karatasi, ukaviweka vyote viwili magotini, na macho yakawa yanahama huku na kule. Naona mnacheka. Lakini msomaji wa namna hiyo alilazimika kuwa na kazi ya asili mbele yake muda wote. Ukiutilia shaka mstari, kisanduku si kile pale? Umtafute mwingine anayejua kanji, zile herufi za Kijapani, akuambie aliyetafsiri kaelewa au kabahatisha. Mimi nimesoma tafsiri nyingi za wachapishaji wakubwa, wa hapa na wa nje, na sijaona iliyojiweka wazi kwa msomaji wake kiasi hicho.

Upande wa katuni, kazi ilikuwa ya mikono. Vipindi vilinunuliwa Japani vikiwa kwenye diski za leza, na bei yake ilikuwa ya kuuma. Mtu alikuwa na kompyuta ya Amiga na kifaa kiitwacho genlock, kinachopachika maandishi juu ya picha inayopita, naye alikaa akibonyeza kitufe kila mhusika anapofungua mdomo. Akichelewa nusu sekunde, anarudia. Kutoka hapo ulipatikana mkanda mama, na mkanda mama ukazaa mikanda mingine. Ukitaka nakala, unatuma mkanda mtupu kwa posta pamoja na bahasha yenye anwani yako na stempu za kurudishia. Baada ya wiki kadhaa mzigo unakufikia. Ukiwa na deki mbili unamnakilia rafiki, rafiki anamnakilia binamu yake, na kila ukishuka ngazi moja rangi inavuja zaidi, maandishi yanaanza kuelea kama yako ndani ya maji. Mwanzoni mwa mkanda liliandikwa onyo kwamba kazi hii haiuzwi wala haikodishwi, na aliyekutoza pesa kakuibia.

Wazee humu ndani wananitazama kama watu wanaokumbuka jambo. Ndiyo, tunamkumbuka Lufufu wa Dar es Salaam, na majirani zetu wa Kenya wana DJ Afro. Kibanda umiza kimejaa, joto, na sauti ya Kiswahili inakueleza kwa nini yule jamaa kapigwa risasi. Ule nao ni ufasiri wa watu wapendao sinema, ila mafundi wetu walikuwa na uhuru wa kuongeza chumvi na walijulikana kwa chumvi hiyo. Watu wa mikanda ya Sailor Moon walijifunga kamba wenyewe. Walitaka kusema alichosema Mjapani, basi, na wakiongeza jambo waliliweka pembeni kama maelezo. Sisemi mtindo upi ni bora. Nikitaka kucheka, namchagua Lufufu.

Ukali wao ulitokana na hasira. Mwaka 1995 Sailor Moon iliingia Amerika Kaskazini kwa Kiingereza kupitia kampuni ya DIC, na iliingia imenyolewa. Msimu wa kwanza wa Kijapani una vipindi 46. Kwa Kiingereza vilitoka 40. Vitano viliachwa kabisa, na viwili vya mwisho, cha 45 na cha 46, vikafinyangwa kuwa kimoja.

Niwaeleze hivyo viwili, kwa sababu hapo ndipo watu walipokasirika kweli. Cha 45 kilirushwa Japani tarehe 20 Februari 1993. Wasichana watano wamefika Ncha ya Kaskazini kupambana na malkia wa adui. Wanakufa mmoja mmoja: Jupiter (ndiye Makoto) kwanza, kisha Mercury (Ami), kisha Venus (Minako), kisha Mars (Rei). Sisi tulizoea kwamba steringi hafi, au akifa basi ni dakika ya mwisho. Hapa rafiki wanne wa steringi wanakufa ndani ya kipindi kimoja cha watoto, barafuni, na kila mmoja anakufa akimsukuma Usagi asogee hatua moja mbele. Katika kipindi cha 46 Usagi anakwenda peke yake kwa sababu hana tena mtu. Toleo la DIC liliondoa vifo. Watazamaji wakaambiwa kwamba wale wasichana wametekwa tu. Sasa fikirini: ukiondoa vifo, yale machozi ya Usagi yanabaki bila sababu, na ushindi wake unakuwa wa kubahatisha. Mtoto wa miaka kumi aliona kuna pengo. Alipokuja kupata mkanda wenye maandishi, akaliona pengo lenyewe, sekunde kwa sekunde.

Kuanzia hapo mashabiki wakaanza kuandika orodha. Kipindi kwa kipindi: hapa imekatwa picha hii, hapa muziki umebadilishwa, hapa mhusika anasema jambo ambalo Kijapani hakikusema. Majina nayo: Usagi akawa Serena kwenye televisheni, na kwenye manga iliyochapishwa kwa Kiingereza na kampuni ya Mixx ya Los Angeles kuanzia 1997 akawa Bunny. Zoisite, jemadari mwanamume wa upande wa adui mwenye mapenzi na jemadari mwenzake Kunzite, akapewa sauti ya kike akawa mwanamke. Baadaye, katika toleo la mwaka 2000, Haruka na Michiru, wasichana wawili ambao kwa Kijapani ni wapenzi, wakafanywa binamu. Shida ni kwamba picha ziliachwa vilevile, kwa hiyo watoto wa watu wakakaa wanatazama binamu wawili wanaoangaliana kama wachumba. Msimamo wako kuhusu mapenzi ya Haruka na Michiru ni wako. Lakini aliyefanya mabadiliko yale aliwafanya watazamaji wauone uhusiano huo wa ajabu kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Katuni ilipositishwa Marekani, kundi la Save Our Sailors liliomba irudishwe. Lilikusanya saini, likawahimiza watu wanunue vitafunwa vya Pop-Tarts kuonyesha kwamba watazamaji wa katuni hii ni wateja. Watu kugomea bidhaa tumezoea. Hawa waligoma kwa kununua. Mwaka 1998 Cartoon Network ikaanza kuirusha. Msimu wa mwisho, vipindi 34, haukupata toleo rasmi la Kiingereza kwa zaidi ya miaka 15. Kwa muda wote huo, mtazamaji wa Kiingereza aliyejua mwisho wa katuni aliujua kupitia mashabiki.

Sasa nije kwenye ufafanuzi, maana hapa ndipo ninapopapenda. Katika vitabu vya picha vya Takeuchi kuna mchoro unaowaweka majemadari wanne wa upande wa adui pamoja na wasichana wanne, kila mmoja na wake: Jadeite na Rei, Nephrite na Makoto, Zoisite na Ami, Kunzite na Minako. Hadithi yenyewe inasema kwamba hao majemadari, katika maisha ya kale, walikuwa walinzi wa mwana wa mfalme aliyempenda binti mfalme wa mwezini. Mengine hayaelezwi. Mashabiki wakaanza kuhesabu: bwana ana mpenzi, walinzi wake wanne, walinzi wa bibi wanne, na huu hapa mchoro. Wakaandika hadithi kwa mamia kuhusu mapenzi hayo yaliyoharibiwa na vita. Wapinzani wakasema mchoro mmoja hautoshi kuwa ushahidi. Watetezi wakarudi kwenye kurasa, wakapekua kila sehemu ambapo Kunzite na Venus wanatazamana. Mabishano haya yalichukua miaka. Ilipokuja Crystal, waandishi wake wakaliweka jambo hilo ndani ya hadithi waziwazi: wasichana wanakumbuka kwamba waliwapenda wale wanaume. Kilichokuwa tafsiri ya mashabiki kikaingia kwenye toleo rasmi. Binafsi naona Crystal ililifanya kwa haraka mno, mapenzi ya dakika mbili yasiyo na uzito wa zile hadithi za mashabiki. Lakini liliingia.

Na matoleo ya manga hayafanani pia. Mwaka 2003, tamthilia ilipokaribia, Kodansha ilitoa manga upya kwa vitabu 12 badala ya 18 vya awali. Baadhi ya michoro ilichorwa upya, maneno yakarekebishwa hapa na pale. Toleo jipya likitoka, la zamani linaondoka madukani, na ambaye hakulinunua mapema anabaki kuamini kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nakala za Nakayoshi zenyewe, zenye kurasa za rangi ambazo hazikurudi zote katika vitabu, zilichapwa kwenye karatasi nafuu inayogeuka njano. Jarida la watoto hutupwa. Waliozitunza ni wale waliotaka kuthibitisha kwamba uso wa Makoto ulichorwa hivi na si vile. Mkutubi mwenye akili timamu hatumii rafu yake kwa sababu kama hiyo, na ndiyo maana namshukuru mbishi.

Tamthilia ya 2003, ile ya waigizaji, haijawahi kutolewa rasmi kwa Kiingereza. Ndani yake paka Luna ni mwanasesere, jambo ambalo lilichekwa sana, na Ami anageuzwa kuwa adui kwa vipindi kadhaa, jambo ambalo lilinyamazisha waliokuwa wanacheka. Rei wa tamthilia, aliyeigizwa na Keiko Kitagawa kabla hajawa nyota wa sinema, yuko karibu na Rei wa manga, kwa hiyo upande mmoja wa ubishi ukapata shahidi mpya na ukaharakisha kumtafsiri. Tamthilia za jukwaani zilitunzwa hivyohivyo. Na kwa kuwa tuko Afrika, nitaje pembeni kwamba Sailor Moon wa kwanza wa jukwaani, Anza, alizaliwa Cape Town.

Kuna kitu kimoja ambacho mashabiki walikitafuta kwa zaidi ya miaka ishirini. Kabla ya toleo la DIC, kampuni ya Marekani iitwayo Toon Makers ilitengeneza kipindi cha majaribio cha Sailor Moon yao wenyewe, nusu waigizaji, nusu katuni, wasichana wakisafiri angani juu ya vyombo kama mbao za kutelezea mawimbini. Kilikataliwa. Mwaka 1998, katika kongamano la Anime Expo, ulionyeshwa wimbo wa dakika chache uliotokana nacho, ukumbi ukavunjika mbavu, na mtu mmoja akaurekodi. Nakala hiyo mbovu ndiyo pekee watu waliyokuwa nayo. Mwaka 2022 kipindi kizima kilipatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani, kimewekwa tu, baada ya mtengenezaji mmoja wa video kufuatilia karatasi za hakimiliki na wahusika wa zamani. Maktaba ilikuwa nacho miaka yote hiyo, na hapakuwa na aliyeuliza swali sahihi. Kipindi chenyewe kibovu, nawaambia ukweli. Lakini msichana aliyechukua nafasi ya Mercury anatumia kiti cha magurudumu.

Sasa, wanafunzi wa sheria mlioko kulia wananisubiri. Kutafsiri na kusambaza kazi ya mtu bila ruhusa ni kuvunja hakimiliki. Sitawapaka mafuta. Takeuchi yuko hai, kazi ni yake, na chombo kinacholipiwa kikipatikana kwa lugha unayoisoma, kilipie. Leseni ya manga kwa Kiingereza ilikwisha mwaka 2005, na toleo jipya likaja 2011. Katika pengo hilo mashabiki ndio walioifanya iendelee kusomwa. Toleo la 2011 lilikuja na majina ya Kijapani na maelezo mwishoni mwa kitabu. Mwaka 2014 kampuni ya Viz ilianza kutoa katuni yote, vipindi 200, bila kunyolewa. Wenye leseni walikuta wateja wanaojua hasa kinachotakiwa kuwemo, na wakithubutu kukata, orodha iko tayari.

Mashabiki nao wana maovu yao. Wako walioweka tafsiri zao chini ya kufuli na kuwapa marafiki tu. Wako waliojaza skrini kwa maelezo mpaka uso wa Usagi haukuonekana. Na walitegemea nyumba za kupanga: GeoCities, huduma ya kuweka tovuti bure, ilipofungwa Oktoba 2009, orodha nyingi na zile tafsiri za maandishi zilikwenda nayo, isipokuwa zile ambazo mtu fulani alikuwa amezinakili kwa nia ya kuzipinga.

Najua humu ukumbini wako wanaotafsiri manga kwa Kiswahili, usiku, simuni. Hamjifichi vizuri. Ombi langu ni dogo: andikeni ukurasa wa kwanza mmetafsiri kutoka toleo gani. Ukitafsiri kutoka Kiingereza cha Mixx, sema, kwa sababu utakuwa umemrithi Bunny na kila kilichorekebishwa pale, na msomaji wako wa Morogoro hatajua alaumu Tokyo, Los Angeles au wewe. Weka namba za kurasa. Acha nakala ya asili mahali ambapo mwenzako ataifikia akitaka kukupinga, na umtarajie akupinge.

Mwenyekiti ameshaangalia saa mara ya pili, kwa hiyo twende kwenye maswali. Nilisikia sauti pale nyuma ikisema kwamba Rei wa katuni ndiye Rei wa kweli. Dada, usitoke. Kipaza sauti kinakuja kwako, na Casablanca Memory ninayo hapa mkobani, ukurasa kwa ukurasa.